Kwa hiyo wewe sio wakili wangu?

Niliwahi kukaa kwenye chumba cha mkutano kazi yangu ikiwa moja tu, kuandika. Kampuni ilikuwa imepokea barua kutoka mamlaka ya serikali, ishu ya tenda fulani, bodi ikaingiwa na hofu ikaleta mawakili wa nje ya kampuni wafanye uchunguzi wa ndani, na mimi nilikuwa idara ya sheria hivyo nikapewa daftari nikaambiwa nikae pembeni nisiongee. Akaingia jamaa wa manunuzi. Ameshika folda imejaa mpaka haifungi, risiti, barua, fomu za maombi, zote kazipanga kwa tarehe na kuweka vikaratasi vya rangi pembeni, yaani mtu kakesha akijiandaa kusaidia. Wakili akamsomea yale maneno yao: mimi ni wakili wa kampuni sio wakili wako, mazungumzo haya ni siri ila siri yenyewe ni mali ya kampuni, kampuni ikitaka inaweza kumpa mtu yeyote ikiwemo serikali bila kukuuliza, na tunakuomba usimsimulie mtu tuliyoongea humu. Aliyasoma kwa sauti ile ya wahudumu wa ndege wanapoelekeza namna ya kufunga mkanda. Dakika moja haikufika. Jamaa akasema "sawa" akafungua folda yake.

Kama dakika 40 baadaye, maswali yamefika kwenye saini yake kwenye fomu moja, kwanini tarehe ya saini iko kabla ya tarehe ya bei, akanyamaza. Akamwangalia wakili, akaniangalia mimi, akarudi kwa wakili. "Kwa hiyo kaka, wewe sio wakili wangu?"

Nimeshasoma makala nyingi sana za biashara na sheria zinazolalamika kuhusu serikali kubana makampuni, faini zimekuwa kubwa, kanuni zimekuwa nyingi, wakaguzi wanaingia bila hodi, na mengi ni kweli. Ila mimi naona jambo kubwa kuliko yote halisemwi. Katika kesi nzito za rushwa, mahesabu ya uongo na kupanga bei, serikali siku hizi mara nyingi haichunguzi kampuni. Kampuni inajichunguza yenyewe kwa mkono wa mawakili wake, halafu inapeleka matokeo kwa serikali, inalipa, inasamehewa nusu. Serikali imepata wapelelezi isiowalipa mshahara, kampuni imepata punguzo, mawakili wamepata kazi ya miaka mitatu. Anayebaki bila kitu ni yule wa folda.

Haya mambo yana historia na inafaa kuijua kidogo maana wengi wanadhani yameanza jana. Miaka ya katikati ya 1970 huko Marekani, baada ya skandali ya Watergate, makampuni zaidi ya 400 yalikiri yenyewe kwa wasimamizi wa masoko ya mitaji kwamba yalitoa malipo yenye utata, mengi kwa maafisa wa nchi za nje, na hapo ndo ikazaliwa sheria ya 1977 ya kukataza rushwa kwa maafisa wa nje. Angalia neno hilo, yalikiri yenyewe. Mojawapo ilikuwa kampuni ya dawa ya Upjohn. Mwanasheria wake mkuu alituma fomu ya maswali kwa mameneja wa nchi za nje akiwauliza mmelipa nani, shilingi ngapi, kwa ajili gani. Watu wa kodi wakasikia, wakazitaka zile fomu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na Januari 1981 majaji wakasema hapana, mazungumzo ya mfanyakazi na wakili wa kampuni yana kinga ya siri, ingawa ukweli wenyewe wa kilichotokea hauna kinga, serikali ikitaka kuujua iende ikamuulize mfanyakazi.

Kila mtu akashangilia, siri imelindwa. Lakini imelindwa siri ya nani? Ya kampuni. Na mwenye siri ndiye anayeamua lini aitoe. Ndo maana mpaka leo lile tangazo la dakika moja huko Marekani linaitwa kwa jina la Upjohn, na ndo maana linasomwa haraka haraka, kwa sababu mfanyakazi akilielewa vizuri kuna uwezekano mkubwa afunge folda yake arudi nyumbani.

Sasa swali ni kwanini kampuni itoe siri iliyoipigania mpaka Mahakama ya Juu. Jibu ni Arthur Andersen. Wahasibu wa Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa mahesabu ya uongo, na moja ya kampuni tano kubwa za uhasibu duniani, wafanyakazi takriban 85,000. Juni 2002 ikatiwa hatiani kwa kuzuia haki kutendeka baada ya watu wake kuchana nyaraka kwa mafungu, na hata kabla ya hukumu wateja walishaanza kukimbia. Mei 2005 Mahakama ya Juu ikafuta ile hukumu, majaji wote kwa pamoja, kwa sababu maelekezo waliyopewa wajumbe wa juri, wale raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, yalikuwa na kasoro. Ushindi mzuri sana, ila hakukuwa na kampuni ya kuupokea. Watu walishatawanyika.

Na kuna kipande cha hadithi hiyo ambacho wanasheria wa makampuni wanapaswa kukibandika ukutani. Baadhi ya wajumbe wa juri walisema baadaye kwamba zile mashine za kuchana karatasi hazikuwashawishi sana. Kilichowashawishi ni imeili moja ya mwanasheria wa ndani akishauri memo irekebishwe, maneno fulani yaondolewe na jina lake mwenyewe lisionekane. Imeili ya mistari michache tu, kazi ambayo mwanasheria yeyote wa kampuni anaifanya kila wiki, rekebisha hapa, toa hili, usiniweke mimi.

Baada ya hapo bodi zote duniani zikapata somo moja: kesi ya jinai inaua kampuni hata ukishinda. Na waendesha mashtaka nao wakapata lao: usiiue kampuni, itishie tu. Ikapanda chati ile biashara ya makubaliano ya kuahirisha mashtaka, yaani serikali inaandaa hati ya mashtaka, inaiweka kabatini, kampuni inakubali maelezo ya makosa, inalipa, inajirekebisha kwa miaka miwili au mitatu, kisha hati inatolewa kabatini inachanwa. Uingereza wakaichukua mwaka 2014, Ufaransa wakatunga ya kwao mwaka 2016. Ila ili upate makubaliano unatakiwa utoe ushirikiano, na ushirikiano maana yake ni kumleta mtu.

Mwaka 2003 wizara ya sheria ya Marekani ilitoa waraka kwa waendesha mashtaka kwamba wanapopima ushirikiano wa kampuni waangalie pia kama inawalipia mawakili wafanyakazi wanaoshukiwa. Ukisoma haraka linaonekana jambo dogo la mahesabu. Kampuni ya uhasibu ya KPMG, iliyokuwa inachunguzwa kwa kuuza mipango ya kukwepa kodi, ilikuwa na utaratibu wa miaka mingi wa kulipia mawakili wa watu wake. Ilipoona moto unakuja ikaweka kikomo cha dola 400,000 kwa mtu, na kwa sharti kwamba ushirikiane na serikali, na ukishtakiwa tu bomba linafungwa. Mwaka 2005 ikamaliza ya kwake kwa dola milioni 456. Watu wake wakabaki na kesi kubwa kuliko mifuko yao. Jaji Lewis Kaplan akakasirika kweli kweli, mwaka 2006 akasema serikali ndiyo iliyosukuma kampuni iwanyime watu wake utetezi, na Julai 2007 akafuta mashtaka ya watu 13. Mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka uliofuata, wizara nayo ikabadilisha waraka ikasema tusiwe tunauliza tena habari za ada za mawakili.

Unadhani yakaisha. Septemba 2015 ukatoka waraka mwingine: kampuni ikitaka nafuu yoyote ya ushirikiano ilete taarifa zote za watu wote waliohusika, nusu nusu hatutaki. Ulilegezwa kidogo 2018, ukakazwa tena 2021. Na nia yake ilikuwa nzuri, nakubali kabisa, watu walikuwa wamechoka kuona baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008 mabenki yanalipa mabilioni na hakuna bosi anayelala ndani. Tatizo ni nani anakamatika. Bosi haandiki imeili, bosi anapiga simu. Bosi ana wakili wake binafsi kabla hata barua ya serikali haijafunguliwa. Anayeandika imeili, anayesaini fomu, anayesema "kama tulivyokubaliana kwenye kikao", ni mtu wa ngazi ya tatu kwenda chini.

Kesi ya Deutsche Bank ndo inaonyesha vizuri hili jambo lilivyofika mbali. Ilikuwa ile ishu ya kuchezea LIBOR, viwango vya riba vilivyokuwa vinatumika kwenye mikopo kati ya mabenki. Benki ikaajiri mawakili wakubwa, wakahoji wafanyakazi, wakapeleka waliyopata kwa serikali, na mwaka 2015 benki ikayamaliza kwa jumla ya dola bilioni 2.5 pamoja na mamlaka za Marekani na Uingereza. Mmoja wa wafanyakazi wake wa London wa kuuza na kununua kwenye masoko ya fedha alihojiwa na hao mawakili huku akijua akikataa kazi hana. Akashtakiwa Marekani, akapatikana na hatia 2018. Mwaka 2019 Jaji Colleen McMahon akaandika kwa lugha kavu kwamba serikali ilikuwa imeukabidhi uchunguzi wake kwa benki na mawakili wake, kwa hiyo yale mahojiano yahesabike kama amehojiwa na serikali yenyewe, amelazimishwa kujitia hatiani. Hukumu haikufutwa kwa sababu hiyo maana maneno yake hayakutumika mahakamani. Ilifutwa Januari 2022 kwa sababu nyingine kabisa: mahakama ya rufaa ilisema ushahidi haukuthibitisha kwamba alichofanya ni utapeli kisheria.

Yaani benki imekiri, imelipa, imeendelea na biashara, halafu mahakama inakuja kusema hatujaona kosa la jinai. Sasa ile hela ililipiwa nini?

Tesco, ile kampuni ya supamaketi ya Uingereza, ni hivyo hivyo, labda mbaya zaidi. Mwaka 2014 ilitangaza kwamba makadirio ya faida yamezidishwa kwa takriban pauni milioni 250. Aprili 2017 kampuni yake tanzu ikaingia makubaliano na SFO, ile taasisi ya Uingereza ya makosa makubwa ya ulaghai, ikalipa faini ya pauni milioni 129. Kwenye makubaliano kulikuwa na maelezo ya ukweli, na kwenye hayo maelezo mabosi watatu wa zamani walitajwa kwamba ndio walijua na ndio walifanya. Hawakuwepo mezani maelezo yanaandikwa. Hawakuulizwa. Wawili wakaachiwa huru Desemba 2018, jaji alisema hakuna hata kesi ya kujibu, wa tatu akaachiwa Januari 2019. Na maelezo yanayowataja yakachapishwa baada ya wote kuachiwa! Mimi nimesoma sheria na bado hili linanishinda kumweleza mtu wa kawaida akaelewa.

Kwa hiyo hapo tuna kampuni mbili zilizolipa kwa kosa ambalo mahakama haikuwakuta nalo hao watu walioshtakiwa. Mtu wa fedha ataniambia ni hesabu tu, kulipa ni rahisi kuliko kusubiri, hisa zinapumua, bodi inalala. Sawa. Lakini huwezi kulipa bila kueleza kosa, na huwezi kueleza kosa bila jina la mtu, na jina linatoka kwenye yale mahojiano ambayo mwenye jina aliambiwa ni siri.

Mawakili wenyewe msidhani wako salama kwenye hili. Ukishakuwa mpelelezi wa serikali kwa mlango wa nyuma, serikali nayo inaanza kukuona kama kabati la ushahidi tu. Machi 2017 waendesha mashtaka wa Munich waliingia ofisi za Jones Day, mawakili walioajiriwa na Volkswagen kuchunguza lile sakata la kudanganya vipimo vya moshi wa magari ya dizeli, wakabeba mafaili ya uchunguzi wa ndani. Volkswagen na mawakili wakaenda Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mwaka 2018 wakaambiwa malalamiko yenu hayana mashiko: Volkswagen siyo inayoshukiwa katika uchunguzi ule wa Munich uliokuwa unahusu Audi, kampuni yake tanzu, na Jones Day ni kampuni ya kigeni isiyoweza kudai haki hiyo ya kikatiba. Yaani ulichochunguza kwa ajili ya mteja ukakiweka ofisini kwako, kinabebwa kwenye maboksi.

Mwanasheria wa ndani ndo kabisa. Umoja wa Ulaya ulishasema kwenye kesi ya Akzo Nobel mwaka 2010 kwamba katika upekuzi wa mambo ya ushindani, barua pepe kati ya bosi na mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni haina kinga hata kama huyo mwanasheria ni wakili kamili amesajiliwa, kwa sababu anayelipwa mshahara hana uhuru wa kutosha. Kesi nzima ilibebwa na imeili mbili. Mimi nikiwa idara ya sheria nilikuwa naandika "siri ya wakili na mteja" juu ya kila kitu, mpaka oda ya viti. Najicheka nikikumbuka.

Na kuna ile ya mwanasheria wa ndani wa GlaxoSmithKline. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliuliza kuhusu namna dawa moja inavyotangazwa, yeye akajibu barua kwa niaba ya kampuni, kwa ushauri wa mawakili wa nje. Novemba 2010 akashtakiwa yeye binafsi kwamba ameficha na kudanganya. Mei 2011, upande wa mashtaka umemaliza tu, utetezi haujaita hata shahidi, jaji akamwachia, akasema hakupaswa kushtakiwa tangu mwanzo na kwamba serikali haikupaswa kupewa zile nyaraka za siri za ushauri wa kisheria. Cha kuchekesha nyaraka hizo hizo ndo zilionyesha kwamba alitenda kwa nia njema. Miezi sita ya maisha yake kama mshtakiwa, kwa barua alizoandika akiwa kazini.

Lakini ya ENRC inazidi zote na sijui kwanini watu hawaiongelei zaidi. Kampuni ya madini, ilikuwa kwenye soko la hisa la London, inatuhumiwa rushwa, inaajiri mawakili wachunguze, SFO inafungua uchunguzi rasmi Aprili 2013 na kudai nyaraka za ule uchunguzi wa ndani. Mahakama Kuu ikawapa SFO ushindi 2017, mahakama ya rufaa ikaupindua Septemba 2018 ikasema kampuni ina haki ya kujichunguza bila kupoteza siri yake, wanasheria wote wakapumua. Mei 2022 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi kwamba wakati ule uchunguzi wa ndani unaendelea, wakili aliyeuongoza mwenyewe alikuwa anawasiliana na SFO bila ruhusa ya mteja na kuvujisha taarifa zake, na SFO walikuwa wanapokea. Agosti 2023 SFO wakafunga jalada, ushahidi unaokubalika mahakamani hautoshi. Miaka 10.

Mteja analipia mpelelezi, mpelelezi anapeleka habari kwa adui wa mteja, na mwisho wa siku hakuna kesi.

Upande wa upekuzi wa kushtukiza sitakaa sana maana huko angalau sheria ziko wazi, unajua nani ni nani. Wanakuja asubuhi wana karatasi, unawapa chumba, unawapa mtu wa kompyuta, unapiga simu kwa wakili, hufuti kitu. Ukigusa stika waliyofungia mlango umeumia: E.ON ya Ujerumani ilipigwa faini ya euro milioni 38 mwaka 2008 kwa stika moja iliyoonekana imebanduliwa usiku, ikajitetea kwa kila namna mpaka ikataja dawa ya kusafishia ya mfanya usafi, mahakama zote zikagoma. Ukifuta meseji ni hivyo hivyo, Juni 2024 kampuni ya manukato na viungo IFF ililimwa euro milioni 15.9 kwa sababu mfanyakazi mmoja alifuta meseji za WhatsApp wakati wakaguzi wako ndani ya jengo. Wakubwa wa Wall Street, yaani makampuni ya fedha, nao Septemba 2022 walilipa jumla ya dola bilioni 1.8 kwa sababu watu wao waliongea kazi kwenye simu binafsi na kampuni hazikutunza meseji. Haya ni maumivu ila ni maumivu ya wazi.

Kuna atakayesema mwandishi unawatetea wala rushwa. Hapana. Najua serikali haina watu wa kupitia imeili milioni kumi za kampuni iliyoko nchi 60, hata ingetaka. Bila kampuni kujichunguza kesi nyingi zisingejulikana kabisa. Siemens mwaka 2008 ililipa takriban dola bilioni 1.6 Marekani na Ujerumani kwa rushwa iliyokuwa kama idara kamili ndani ya kampuni, na uchunguzi wa ndani ndo ulifukua sehemu kubwa. Ila angalia walifanyaje. Mwanzo watu waligoma kuongea, kila mtu mdomo umefungwa, ndipo mwaka 2007 kampuni ikatangaza msamaha kwa wafanyakazi wasio wa ngazi ya juu: njoo useme ukweli wote, hatutakufukuza wala kukudai fidia. Watu wakaja, na majina yakaanza kupanda juu badala ya kushuka chini. Serikali haikufungwa na msamaha huo, hilo waliambiwa waziwazi, lakini angalau mtu alijua anauza nini na anapata nini.

Ndo maana nashangaa mtindo wa Siemens haujawa kawaida na mtindo wa dakika moja ndo umetamalaki.

Na hali itazidi kuchanganya. Uingereza tangu tarehe 1 Septemba 2025 kampuni kubwa inaweza kushtakiwa kwa kushindwa tu kuzuia ulaghai unaofanywa na watu wake kwa faida yake, na kinga kubwa ni kuonyesha ulikuwa na taratibu za kuridhisha. Kampuni ikijitetea hivyo inasemaje? Inasema sisi taratibu tulikuwa nazo, ni huyu ndiye alizivunja. SFO hiyo hiyo Aprili 2025 ilisema kampuni ikijiripoti na kushirikiana kikamilifu itegemee kualikwa kwenye mazungumzo ya makubaliano, na kwamba kutoa siri yako ni hiari ila ukitoa itahesabika kama ushirikiano mkubwa. Hiari ya namna hiyo tunaijua. Marekani nako Februari 2025 rais akasimamisha kwa muda kesi za ile sheria ya 1977 ya rushwa za nje, Juni ukatoka mwongozo mpya, mabosi wengine wakadhani sherehe imeanza. Sheria haijafutwa, muda wa kushtaki ni miaka mitano, na Machi mwaka huo huo Uingereza, Ufaransa na Uswisi walitangaza kikosi cha pamoja. Wakili anayemwambia mteja wake apunguze idara ya komplayansi, ile inayohakikisha kampuni inafuata sheria, kwa ajili ya tangazo la rais mmoja, mimi nisingempa hata mkataba wa pango aukague.

Ningekuwa na uwezo ningebadilisha vitu vichache tu. Lile tangazo limfikie mtu kwa maandishi siku mbili kabla, kwa lugha anayoota nayo, na liwe na sentensi moja ya wazi kwamba tunategemea kupeleka maneno yako kwa serikali, kama ndivyo mpango ulivyo, badala ya lile "inaweza" linalojificha. Kampuni ilipie wakili wa peke yake kwa kila mtu ambaye jina lake liko kwenye nyaraka, saa tatu za ushauri haziwezi kuifilisi kampuni inayolipa mawakili wa nje kwa saa. Na jaji anayepitisha makubaliano asikubali jina la mtu kwenye maelezo ya makosa kama huyo mtu hajasikilizwa, wamwandike "mfanyakazi A" basi, haipunguzi hata senti kwenye faini. Waendesha mashtaka watasema itachelewesha. Ya ENRC ilichukua miaka 10 bila kumsubiri mtu wa manunuzi.

Kwa wanasheria wenzangu wa ndani, hasa vijana: mtu akikuuliza kwenye korido "niseme tu kila kitu eti?", usimjibu "we sema tu ukweli". Hilo jibu linaonekana jema lakini wewe huna haki ya kulitoa, sio mteja wako. Mwambie atafute wakili wake. Utaonekana mkorofi kwa bosi wako siku hiyo.

Mimi sikusema. Wakili alimjibu yule jamaa kwa upole, "nimekueleza mwanzoni, mimi ni wa kampuni", akarudi kwenye fomu, na yeye akaendelea kujibu kwa sababu alishajibu dakika 40 na aliona kunyamaza sasa kutaonekana vibaya. Nikaandika. Notisi zangu zikawa memo ya kurasa 12, kwa maneno ya mawakili sio maneno yake, hakuna kilichorekodiwa, hivyo ndivyo inavyofanywa ili ionekane ni mawazo ya wakili na sio ushahidi wa shahidi. Miezi kadhaa ikapita akaitwa na mamlaka, akakuta wanajua ile habari ya tarehe mbili kabla hajafungua mdomo.

Jioni yake akanipigia simu. Hakuwa na hasira, aliongea kistaarabu kama siku zote, akaniita kaka. Aliomba kitu kimoja tu, nakala ya yale aliyoyasema ili akumbuke alivyoyasema. Nikamwambia sina ruhusa, ile memo ni siri ya kampuni. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza na folda yake je, aliiacha pale mezani.

Nayo ilikuwa imeshapewa namba ya ushahidi.